Heshima ya Nambiru

Kuruta wa Kikosi cha Pili cha Mizinga hufundishwa kuhesabu upya siku ile ile wanapopewa viatu. Moja, mbili, tatu, tano, sita, saba. Anayeteleza akataja nne mbele ya mizinga huzungushwa uwanja mbio mpaka ulimi ushike adabu, na hakuna anayemweleza sababu. Sababu ataiona mwenyewe mwezi wa tatu, akiketi kwenye kiti cha Nasaba na kuvalishwa kilemba. Jeshi ni kama ukoo wowote: miiko kwanza, maelezo baadaye, na ukiuliza sana unaonekana huna malezi.

Jumatano hiyo asubuhi Nyamizi Kasanda, Sajini Meja mstaafu na mtunza Nasaba, alikuwa akimvua kilemba kuruta mmoja mwenye mabega ya kubebea magunia. Kijana alikuwa analia kama aliyefiwa. Kilemba chenyewe ni utepe tu wa nyuzi za shaba uliovikwa kitambaa, mwepesi na wa baridi, lakini kimekwisha kuwaliza majitu.

"Umefika wapi?" Nyamizi akamuuliza.

"Isuka, afande. Mwisho wa Isuka." Akajifuta pua kwa kiganja. "Wenzao waliondoka na mizinga mitano. Wao wakabaki na mmoja, wanapiga ili wenzao wavuke daraja. Yule koplo alikuwa anapiga mluzi, afande. Mpaka mwisho anapiga mluzi."

"Nawa uso. Halafu nihesabie mizinga."

"Moja, mbili, tatu." Kijana akanyamaza kidogo, kama mtu anayepita mbele ya kaburi. "Tano. Sita. Saba."

"Sasa umekuwa wa hapa. Nenda kale."

Bendera ya kikosi ilikuwa na riboni tano, heshima tano za vita, kila moja na jina la mahali palipomwagika damu. Kwa majeshi mengine riboni ni kitambaa. Hapa kila riboni ilikuwa na kumbukumbu ya mtu mmoja aliyekuwapo, iliyochotwa kichwani mwake na kutunzwa ndani ya Nasaba, mashine ya kumbukumbu za kikosi, ili anayejiunga leo ayaone yale kwa macho ya aliyeyaona, anuse baruti ile na kuumwa na kiu ile. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa mzinga bila kuzirithi zote tano. Watu waliochotwa zile za mwanzo walikwisha kufa. Ya mwisho, heshima ya Mto Nambiru, ilitoka kichwani mwa Nyamizi, na yeye bado alikuwa hai, anakunywa chai ya maziwa na kulalamikia magoti.

Alivuta orodha ya watakaorithishwa Nambiru Jumamosi. Majina sita. Aliyasoma kivivu, kama mwalimu anayesoma mahudhurio, mpaka la mwisho: Somoe Chilumba, mwanamke, miaka ishirini na miwili, kuzaliwa Mpwiti.

Akaisoma tena ile Mpwiti. Kisha akaketi kwenye kiti cha kuruta, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

*

Somoe alikuja mwenyewe mchana, kabla hajaitwa. Alikuwa mwembamba, mrefu, kombati ikimpwaya mabegani, na alisimama mlangoni wima kama aliyepigiliwa.

"Jambo, afande. Wenzangu wameniambia Nambiru ni ya kwako."

"Ni ya kikosi. Mimi nilichotwa tu."

"Ndiyo, afande." Akameza mate. "Nimekuja kuuliza jambo. Ukiona si la kuulizwa, niambie nitoke. Mimi nilizaliwa Mpwiti, ng'ambo ile ya mto. Siku ya vita nilikuwa na miezi minane. Shangazi alikuwa amenibeba mgongoni, tuko shambani bondeni. Mama alibaki nyumbani. Tuliporudi hakukuwa na nyumba."

"Pole," Nyamizi alisema. Lilikuwa neno dogo lakini lilimtoka kwa shida.

"Nimeshapoa, afande. Simkumbuki. Na hatuna picha yake hata moja, kila kitu kiliungua. Shangazi anasema nimechukua paji lake la uso, lakini shangazi ni mtu wa kufariji, hata watoto wa jirani anawaambia hivyo hivyo." Alitabasamu kidogo, akaacha. "Ndiyo sababu nilichagua mizinga. Waliniita kwenye mawasiliano, nikakataa. Nikasema nataka kwenda kwa wale waliowanyamazisha waliompiga mama. Sasa ninachouliza ni hiki. Siku ile, kwenye vioo vyenu, Mpwiti ilionekana? Nikivaa kilemba nitaiona? Hata paa tu."

Nyamizi alikuwa amewafundisha kuruta mia nane na zaidi kwamba mpiga mzinga hadanganyi akiulizwa, kwa maana kila namba ya uongo ina mtu upande wa pili.

"Kulikuwa na moshi mwingi siku ile," akajibu.

"Sawa, afande." Binti akapiga saluti, akageuka na kuondoka. Nyayo zake zilisikika mpaka mwisho wa ukumbi, na Nyamizi akajichukia kwa kila hatua.

*

Habari ya Nambiru ni fupi, na ubaya wake umo katika ufupi huo.

Miaka ishirini na mmoja iliyopita kikosi kililetewa mashine mpya ya kukokotoa namba za mizinga. Zamani mizinga ilipangwa ubavu kwa ubavu. Siku hizo, kwa kuogopa droni za adui, kila mzinga ulikaa peke yake, karibu kilomita moja kutoka kwa mwenzake, na kila mmoja ulihitaji namba zake: uelekee wapi, uinuke kiasi gani. Ukimpa mzinga huu namba za jirani yake, kombora litaanguka kilomita moja nje ya shabaha. Mashine ilizitoa namba zote kwa sekunde mbili, mistari sita kwenye kioo, wa kwanza hadi wa sita.

Mashine haikujua miiko. Kwake mzinga wa nne ulikuwapo. Mafundi walitaka kila mzinga uitwe kwa namba ya mashine, na wapigaji wakakataa katakata. Nani angekubali kuitwa Nne, jina la wale waliobaki Isuka? Basi Sajini Nyamizi, aliyekuwa akisoma namba kwenye redio, akasema hakuna shida, atakuwa anazigeuza kichwani. Mashine ikisema nne, yeye atasema tano. Ikisema tano, atasema sita. Kwa wiki mbili za mazoezi hakukosea hata mara moja, na watu walimsifu, naye alizipenda sifa.

Siku ya Nambiru askari wa miguu walikuwa wamebanwa kwenye kivuko, mia tatu na kitu, maji nyuma yao na adui mbele. Mwangalizi wa mbele alikuwa Koplo Masunga Ng'homa, mtu wa kwao, waliyetoka naye kituo kimoja cha mafunzo, aliyemwita dada ingawa hawakuwa na undugu. Masunga alikuwa amejichimbia mtaro na askari wawili, Ligola na Chande, akirusha droni ndogo juu ya kivuko. Aliomba mizinga. Mistari sita ikatokea kiooni. Nyamizi akasoma wa kwanza kwa Moja, wa pili kwa Mbili, wa tatu kwa Tatu. Jicho lake, lililokuwa limeruka nne kila siku ya utumishi wake, likaruka mstari wa nne. Wa tano akausoma kwa Tano. Wa sita kwa Sita.

Kisha redio ikasema: "Saba hajapata namba."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, na aliuona. Namba zilikuwa zimeisha na mzinga mmoja haujala. Angejiuliza kwa nini. Badala yake alisema, "Saba asubiri," akidhani ni mashine.

Moja, Mbili na Tatu zilipiga kivuko, zikawaokoa wale mia tatu. Tano na Sita zilipiga kilomita moja kando, kwenye nyumba tisa za Mpwiti. Kabla dakika ya kwanza haijaisha Masunga aligeuza droni na kusema neno ambalo sheria ya mizinga inasema likisemwa na mtu yeyote, hata mpishi, kila kitu kinasimama na maswali yanafuata. Alisema simamisha. Nyamizi hakusimamisha. Kwa dakika tano nzima alitafuta kosa la Masunga, kwenye ramani ya Masunga na droni ya Masunga, na hakutafuta kosa lake. Alipoliona, alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Wakati huo mtaro wa Masunga ulikuwa umekwisha kupigwa na adui, na Mpwiti walikuwa wamekufa watu thelathini na wawili.

Ripoti ilisema Mpwiti ilipigwa na adui. Kikosi kikapewa heshima. Nyamizi alipoketi kuchotwa, fundi alikuwa na amri ya kukata dakika sita, na fomu ya idhini akampa yeye. Alitia saini, na ukweli ni kwamba alipata nafuu.

Kuna jambo ambalo fundi alimwambia siku hiyo naye hakulisikiliza. Kila mwaka, kwa kuwa yu hai, angevalishwa kilemba na kurudishiwa nakala yake mwenyewe, ili ya kichwani na ya mashineni zisiachane. Mafundi wanaita kunoa. Na kisu kinachonolewa hupungua. Kile kilichokatwa kilianza kufifia kichwani mwake mwaka baada ya mwaka, mpaka akabaki anajua kwamba aliona, bila kuona. Alipogundua, alianza kujisemea kila asubuhi maneno ya kile alichokuwa amekiona kwenye kioo cha droni, ili angalau maneno yasiende. Maneno yalibaki. Picha ilikwenda.

*

"Nitamhamisha," Luteni Kanali Hokororo alisema Alhamisi asubuhi. Alikuwa mkuu wa kikosi sasa, mvi zimemtapakaa, lakini siku ya Nambiru alikuwa luteni mwenye ndevu tatu, ameketi gari moja na Nyamizi, bega kwa bega. "Usafirishaji wanataka watu. Atafundishwa magari makubwa, atafurahi. Jumamosi watarithishwa watano."

"Halafu mwakani atakuja mwingine wa Mpwiti."

"Mpwiti hakuna watu tena, Nyamizi."

"Ndiyo. Nakumbuka sababu."

Kanali hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimchosha Nyamizi. Mtu mbaya ungemchukia ukalala. Hokororo alisimama akafunga mlango mwenyewe, akarudi kukaa upande wa wageni, karibu naye.

"Unataka kufanya nini hasa?"

"Kukana ushahidi wangu. Niseme Nambiru siithibitishi."

"Unaijua kanuni. Heshima iliyokanwa na shahidi wake inafutwa na kila kilichofungwa ndani yake. Riboni, sawa, ni kitambaa. Lakini Masunga atafutika. Ligola na Chande watafutika. Wamo katika Nasaba kwa sababu ya Nambiru tu, hawana pengine. Itakuwa kana kwamba hawakuwahi kuvaa kombati." Akasugua macho. "Na mama yake Masunga? Kila mwezi anapanda basi kuja kusikiliza sauti ya mwanawe. Kesho anakuja. Utamwambia nini?"

"Sijui, afande."

"Wale mia tatu wa kivukoni wana wajukuu sasa. Hilo nalo ni kweli. Tuliwaokoa. Mimi usiku nikikosa usingizi najishikilia hapo."

"Na mimi nilijishikilia hapo," Nyamizi alisema. "Mpaka jana. Jana ameingia mtoto wa watu anataka kuvaa kichwa changu aone paa la kwao. Anataka ajivunie, afande. Nimvishe kilemba, asikie mkono wangu ukibonyeza redio, afurahi tunapopiga. Akirudi kwa shangazi yake atasimulia kwa furaha namna mama yake alivyouawa, na hatajua kwamba ndicho anachosimulia."

Kanali alitazama sakafu. "Nilikuwa pembeni yako," akasema mwishowe. "Nilisikia Saba hajapata namba. Na mimi nilisikia."

"Najua."

"Hujawahi kunitaja."

"Kusoma nilisoma mimi."

Kanali hakumkubalia na hakumkatalia. Alisema tu kwamba uhamisho wa Somoe ungekaa mezani bila saini mpaka Jumamosi. Nyamizi akatoka akiwa amebeba uamuzi wote peke yake, jambo ambalo pengine ndilo lililostahili.

*

Bi Kabula, mama yake Masunga, alifika Ijumaa saa nne asubuhi, kamfuko mkononi, kikoi begani kwa ajili ya kiyoyozi. Alikuwa na miaka themanini na kitu na macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio yake yangeweza kusikia mchwa.

"Mwangaluka, mayu," Nyamizi akamwamkia kikwao, kama mama mzazi, akipiga goti.

"Mwangaluka, mwanangu. Nimekuletea karanga. Magoti?"

"Yanalia."

"Yaache yalie. Yangu yamenyamaza, ndiyo mabaya zaidi."

Wazee hawavalishwi kilemba. Husikiliza sauti tu, kwenye kipande kidogo cha sikioni. Nyamizi alimkalisha, akakiweka, akafungua Nambiru mahali panapotakiwa. Hakuhitaji kusikia mwenyewe. Maneno yale yalichorwa kwenye ukuta wa bwalo kwa rangi nyekundu, na kila kuruta aliyakariri: mnapiga vizuri, endeleeni. Maneno ya mwisho ya shujaa.

Bi Kabula alisikiliza mara tatu, kama kawaida yake. Mara ya tatu alipokwisha hakukitoa kipande sikioni. Aliketi tu, mikono mapajani.

"Nyamizi."

"Abee, mayu."

"Mwanangu hakuwa mtu wa kusifu. Tangu mdogo. Ukimpikia vizuri alikuwa anakula ananyamaza. Mwaka wa kwanza niliposikia hapa anasema mnapiga vizuri, nikasema labda jeshi limemfundisha adabu." Akaguna. "Lakini baada ya endeleeni anavuta pumzi. Mtu havuti pumzi akiwa amemaliza kusema. Nimeisikia pumzi hiyo miaka yote, nikaogopa kuuliza. Sasa nimezeeka, naogopa kufa kabla sijauliza. Alitaka kusema nini?"

Nyamizi alikuwa amejitayarisha kwa kila namna ya kumwambia, akiwa yeye ndiye wa kuanza. Kwa hii hakujitayarisha. Akaketi chini sakafuni miguuni pa yule bibi.

"Alisema, mnapiga vizuri, endeleeni na hiyo mitatu, lakini hiyo miwili simamisha. Simamisha, dada, kuna watu kule."

"Kuna watu kule," Bi Kabula akarudia.

"Nilikuwa nimekosea namba, mayu. Nilikuwa napiga kijiji. Yeye aliona, akaniambia, sikumsikiliza. Halafu nikakubali wakate maneno yake ili mimi nisionekane. Maneno ya ukutani si yake. Ni nusu yake."

Bibi alivuta kikoi karibu na shingo. Machozi yalikuwa yanamshuka, polepole, naye hakuyafuta.

"Basi alikufa akisema kweli," akasema. "Mwanangu alikufa akiwatetea watu asiowajua. Nami ningeweza kutembea na hilo kijijini, Nyamizi. Ningeweza kuwaambia wajukuu. Wewe umenilisha nusu ya mtoto miaka ishirini na mmoja, na kila mwezi unapokea karanga zangu."

"Ndiyo, mayu."

"Nyie mkificha, mnajificha nyuma ya wafu. Wafu hawawezi kusogea."

Nyamizi hakujitetea. Alimweleza yaliyobaki: akikana, sauti yenyewe itafutwa, hata ile nusu, na Masunga atatoka katika Nasaba. Asipokana, kesho mtoto wa kijiji kile atairithi kama fahari yake. Alieleza kwa sauti iliyonyooka kama anayesoma namba, kwa kuwa angeyasema vingine angeshindwa.

"Unaniuliza mimi ruhusa?"

"Hapana. Nimeshaamua. Nilikuwa sitaki uipoteze sauti yake bila kujua."

"Afadhali. Ungeniuliza ningekataa. Mimi ni mama." Bi Kabula akakibonyeza kipande sikioni. "Niwekee tena. Halafu fanya unalotaka kufanya ningali hapa."

Akasikiliza. Nyamizi aliona midomo yake ikienda pamoja na mwanawe. Ilipofika ile pumzi, bibi naye akavuta pumzi. Kisha akatoa kipande, akakiweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kama yai.

Nyamizi akavaa kilemba. Nasaba haina sura, ina sauti tu, ya mtu asiye mwanamume wala mwanamke.

"Shahidi wa Nambiru. Unathibitisha?"

"Sithibitishi."

"Jina la Masunga Ng'homa litaondoka. Unathibitisha?"

"Sithibitishi."

"Jina la Boniface Ligola litaondoka. Jina la Yusufu Chande litaondoka. Unathibitisha?"

Bi Kabula alimshika mkono, na haukuwa mshiko wa msamaha. Alimshika kama mtu anayemzuia mwenzake asikimbie.

"Sithibitishi."

Haikuchukua hata muda wa kukohoa. Nyamizi alijaribu kufungua tena mahali pale pa sauti, na hapakuwa na mahali.

*

Jumamosi asubuhi Kanali Hokororo aliikata riboni ya tano mwenyewe, kwa mkasi wa ofisini, akapeleka makao makuu barua aliyoiandika kwa mkono na kuweka ndani yake jina la Nyamizi na lake pia. Kwenye bendera palibaki vitundu vya sindano. Kuruta watano waliambiwa warudi bwenini. Somoe Chilumba aliambiwa aingie.

Aliingia na nywele zimesukwa upya, kwa ajili ya kilemba. Nyamizi alipoziona nusura ashindwe kuanza.

"Keti," akamwambia. "Si kwenye hicho. Keti hapa kwenye benchi. Hutavaa kilemba leo. Nambiru haipo tena, nimeifuta jana. Nitakueleza kwa nini, na nikimaliza, ufanye utakalo. Ukitaka kupiga ripoti, Kanali anakusubiri. Ukitaka kunipiga mimi, mlango umefungwa."

Akamweleza. Hakukata kitu. Alimweleza mistari sita na jicho lililoruka, Saba aliyekosa namba, Masunga, dakika tano, fomu na saini, na moshi aliomdanganya nao Jumatano. Somoe alisikiliza akitazama mikono yake. Mwanzoni uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri sentensi itakayofuata ibadilishe iliyopita. Baadaye haukuwa hivyo tena.

"Nilimwambia shangazi," akasema mwishowe, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nilimpigia simu juzi. Nikamwambia Jumamosi naingia kwa watu wetu."

Nyamizi alisema samahani. Alijua neno halikutosha, akalisema hivyo hivyo, maana kulinyima ingekuwa jeuri nyingine.

"Huyo mwangalizi aligeuza droni," binti akasema. "Umesema aligeuza droni ikatazama kijiji. Kabla nyumba zote hazijapigwa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mliona."

"Niliona mimi. Kanali alikuwa kwenye ramani."

"Uliona nini?"

Nyamizi alivuta pumzi. "Mwanamke. Yuko uwanjani peke yake. Anaanua nguo kwenye kamba, anaharakisha. Nguo ndogo ndogo."

Somoe aliinua uso. Nyamizi alilitazama lile paji pana, likatazamana naye, na halikumwambia chochote.

"Nguo za mtoto," Somoe alisema.

"Nguo ndogo ndogo. Ndivyo nilivyokuwa nikijisemea."

"Nyumba zilikuwa tisa. Mwaka ule mtoto mchanga alikuwa mmoja, shangazi ananitania kwamba kijiji kizima kilikuwa kinanibeba zamu kwa zamu." Pumzi zilikuwa zimeanza kumpanda. "Alivaa nini?"

"Sijui."

"Rangi ya kanga tu, afande."

"Sijui. Sijui kama ilikuwa kanga."

"Mrefu? Mfupi? Alikuwa amejifunga kichwa?"

"Sijui, Somoe. Picha niliikata, na iliyokatwa inaondoka hata kwa mwenyewe. Kilichobaki ni hayo maneno."

Binti alimtazama kipaji cha uso, pale kilemba kinapokaa, na kwa mara ya kwanza akaanza kulia.

"Alikuwa humo. Mtu mmoja tu duniani alikuwa naye, ukamtupa."

"Nilimtupa."

Nje ya dirisha gari la maji lilipita, likapiga honi, likaenda zake. Nyamizi alingoja matusi, alingoja mlango ufunguliwe kwa kishindo. Angevipokea vyote kwa shukrani. Somoe alibaki benchini. Alijifuta uso kwa mkono wa kombati, akafumba macho, akaegemeza kichwa ukutani kama wanavyofanya kuruta wanapovalishwa.

"Sema tena," akasema.

"Yuko uwanjani peke yake. Anaanua nguo kwenye kamba, anaharakisha. Nguo ndogo ndogo."

"Tena."

Nyamizi akasema tena, maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, kwa sababu mengine hakuwa nayo.